Pengo Kwenye Michongoma

Shahidi wa Nesi akaingia mahakamani, na Mama Pacha akaona viatu kwanza. Viatu vyeusi vya ngozi. Viatu alivyovipiga brashi yeye mwenyewe asubuhi ile, akidhani mwenye navyo anakwenda kuongea kazi na tajiri mmoja.

Akapandisha macho polepole. Suruali anaijua, kaishona yeye. Shati analijua, kifungo cha tatu alikirudishia juzi. Uso ndio usiseme.

Shahidi wa adui yake alikuwa mume wake wa ndoa.

Kama wiki jana gazeti lako lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, pole, nakupa kwa ufupi. Mama Pacha ni fundi cherehani. Mume wake, Baba Pacha, ni mwashi. Jirani yao ni mwanamke mmoja anayeishi peke yake, anafanya kazi hospitali zamu ya usiku, mtaa mzima unamwita Nesi. Kati ya viwanja vyao kuna ua wa michongoma, na katikati ya ua kuna pengo la kupita mtu mmoja. Mama Pacha amemshitaki Nesi kwamba amesogeza ua na kumega ardhi yake. Anataka mahakama imrudishie, ajenge ukuta mrefu usio na pengo hata la panya.

Hayo ndiyo aliyomwambia hakimu. Asilomwambia ni kwamba pengo lile mume wake hulipita kila Jumamosi asubuhi, amenyoa ndevu.

"Unawafahamu wahusika wa kesi hii?" hakimu akauliza. Alikuwa mama wa makamo, miwani puani, hana haraka.

"Nawafahamu, mheshimiwa. Huyu ni jirani. Yule ni mke wangu."

Watu kwenye mabenchi wakageuka kumtazama Mama Pacha. Yeye akatazama mbele kama mtu anayesubiri zamu yake kinyozi.

"Na umekuja kusema nini?"

"Nimekuja kusema kwamba Nesi hajasogeza ua. Ua niliupanda mimi kwa mikono yangu, na tangu nilipoupanda haujaondoka pale."

Ilitosha. Wifi yake Mama Pacha, dada wa tumbo moja wa huyo shahidi, alikuwa amekaa benchi la nyuma. Akapiga ulimi wake kwenye kaakaa kwa sauti, mpaka karani akamtolea macho. Wifi huyu ndiye aliyemwambia Mama Pacha, miezi mingi nyuma, kwamba mwanamume hanyoi ndevu kwa ajili ya kwenda kuazima koleo.

Upande wa pili Nesi alikuwa ametulia kwenye sare yake nyeupe, katoka zamu hajapita nyumbani. Na hapo ndipo palipokuwa na msumari wa moto. Sare ile kaishona Mama Pacha. Kiuno kile anakijua kwa inchi, na kila mwaka akikipima kiko vile vile, wakati chake mwenyewe kimeshafungua duka na tawi. Alimbania pale kiunoni ikakaa vizuri, akasifiwa, akafurahi. Mjinga gani humpambia mwenzake silaha?

"Mama, una swali kwa shahidi?" hakimu akamuuliza.

Mama Pacha akasimama. Maswali aliyoyaandaa yalikuwa ya michongoma na futi. Yakayeyuka yote.

"Nauliza, Jumamosi unakwendaga kwake kufanya nini?"

Minong'ono ikapanda. Hakimu akavua miwani. "Swali hilo linahusu mpaka?"

"Linahusu, mheshimiwa. Huo ndio mpaka wenyewe ninaoudai."

Hakimu akamtazama kidogo, kisha akamgeukia Baba Pacha. "Jibu."

"Nakwendaga kunywa chai."

Mabenchi yakacheka. Mtu mmoja akakohoa ili afiche kicheko, kikamtoka puani. Mama Pacha akakaa chini. Nyumbani kwake kuna birika mbili na chupa ya chai inayohifadhi moto tangu alfajiri hadi jioni. Mwanamume ana chai yake, kapikiwa na mkewe, anaiacha mezani na kwenda kuinywa kwa mtu.

Hakimu akagonga meza. "Maneno yamekuwa mengi na ardhi haisemi. Alhamisi mahakama itahamia huko huko, na mpima ardhi aje na vifaa vyake."

* * *

Alhamisi mtaa ulijaa kama kuna harusi. Watu ambao hawajawahi kupita njia ile siku hiyo walikumbuka kwamba ndiyo njia ya mkato. Hakimu alivaa raba, karani kabeba makaratasi, na mpima ardhi, kijana mwenye kofia na futi kamba ya chuma, akaanza kona ya mbali ya kiwanja cha Nesi, kwenye jiwe la mpaka ambalo halina ubishi.

Ngazi ndefu ya Baba Pacha, ile asiyoiondoa ila akisafiri kwenda kazi ya mbali, ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba mahali pake pa siku zote, kichwa chake kikichungulia juu ya michongoma. Mama Pacha akasimama chini yake, mikono kifuani. Moyoni alikuwa ameshashinda. Alishapima. Kiwanja cha Nesi kwenye hati kina upana fulani, na yeye alipokipima kilizidi hati kwa futi moja na ushee. Ardhi haizai. Iliyozidi kwa Nesi imetoka kwake.

"Mama, ulipima kwa kutumia nini?" mpima ardhi akauliza kwa adabu.

"Kwa futi kamba yangu ya kazini."

"Naweza kuiona?"

Akaivua shingoni, maana hukaa hapo kutwa. Kijana akailaza sambamba na ile yake ya chuma. Akaitazama. Akainama, akaitazama tena.

"Mama, hii mbona imekatwa kichwa? Inaanzia namba tatu."

Jamani, wivu ni kitu kibaya. Futi kamba ile ilichakaa kichwani zamani, nyuzi zikaanza kutoka, akaipiga mkasi mpaka kwenye namba tatu akaendelea na kazi. Kwenye nguo haina neno. Anasoma namba, anatoa tatu kichwani bila kufikiri, na hakuna mteja aliyewahi kurudi na gauni linalobana. Lakini siku ile aliyopita kwenye pengo kimya kimya, Nesi yuko kazini, kwenda kupima kiwanja cha mtu, hakuwa anapima nguo. Alikuwa anapima hasira zake. Alilaza futi kamba chini, akainua, akalaza tena, na kila alipolaza aliihesabu nzima. Kila mara ilimdanganya inchi tatu, na uongo ukajikusanya hadi ukawa futi kadhaa.

"Na kiwanja chako, ulikipima?" hakimu akauliza.

Mama Pacha akainua macho kwenye ngazi.

"Mama, nakuuliza. Chako ulikipima?"

"Sikukipima, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Changu nilikuwa nakijua."

Angekipima chake siku hiyo hiyo, nacho kingezidi, naye angeshtuka kwamba futi kamba ina walakini. Lakini nani mwenye wivu aliyewahi kupima cha kwake? Uso ulimwaka. Kwa mara ya kwanza akaona aibu mbele ya watu, na hasa mbele ya Nesi, ambaye hakucheka. Afadhali angecheka.

"Basi kesi imekwisha," mtu mmoja akasema nyuma.

"Haijaisha," mpima ardhi akasema. Alikuwa amepiga magoti na kunyoosha futi yake ya chuma hadi kwenye michongoma. "Mheshimiwa, hapa pana jambo. Kiwanja cha Nesi hakijazidi. Kimepungua. Futi mbili kasoro kidogo."

"Kimepungua kimekwenda wapi?"

Kijana aliinuka, akapita kwenye pengo, futi ikimfuata nyuma, na hapo hapo akaufikia ukuta wa chumba cha kushonea cha Mama Pacha. Akaugonga kwa kidole. Kisha akazunguka, akaingia mlangoni, na wote wakamfuata mpaka chumba kikakosa hewa.

"Jiwe la mpaka linatakiwa kuwa hapa," akasema.

Alikuwa anaonyesha sakafu chini ya cherehani.

Mama Pacha akashika cherehani yake. Chumba kile ndicho maisha yake. Kilimsomeshea watoto wake pacha hadi wakatoka nyumbani. Meza kubwa ya kukatia vitambaa imo, magauni ya watu yananing'inia, dirisha linaloingiza mwanga mzuri hata siku ya mawingu. Akatazama sakafu ile aliyoipiga deki miaka nenda miaka rudi.

"Leteni sururu tuone," karani akasema.

"Msivunje," sauti ikatoka mlangoni. "Jiwe limo. Nililimwagia zege mimi mwenyewe."

Ni Baba Pacha. Alikuwa ameegemea kizingiti, macho kwenye viatu.

Hakimu akamtazama juu ya miwani. "Eleza."

Akaeleza, kwa shida, kama anayebeba tofali kutoka kifuani. Mwaka ule mke wake alikwenda kumuuguza mama yake. Akataka akirudi amkute na chumba chake cha kazi, asishonee tena barazani na mvua inamrushia maji. Akachora msingi. Meza ya kukatia vitambaa ikawa haienei. Upande wa pili kilikuwa kiwanja cha majani matupu, mwenyewe hajulikani. Akang'oa ua, akausogeza. Mwashi wa kuaminika, hajawahi kukosea pembe ya nyumba ya mtu, akakosea ya kwake kwa makusudi. Mke aliporudi akakuta chumba na michongoma michanga, akashangilia, hakuuliza.

"Kisha mwenye kiwanja akaja," hakimu akasema.

"Akaja na hati yake, akapima, akajua. Nikamwendea nikamwomba asiseme. Akakubali kwa sharti."

"Sharti gani?"

Aliyejibu ni Nesi, kutoka nyuma ya magauni yanayoning'inia.

"Chai, mheshimiwa. Mimi usiku mzima nasikiliza watu wakiugua, mchana nalala. Nikiamka hakuna wa kuniambia hata kwamba jua ni kali. Nikamwambia hela yako siitaki. Kila Jumamosi asubuhi njoo ukae mezani kwangu, unywe kikombe kimoja, tuzungumze kama watu. Mlango wazi, anayepita aone."

Watu wakatazamana. Wifi, ambaye alikuwa amejipenyeza hadi mbele, akamnong'oneza Mama Pacha sikioni, "Afadhali, wifi. Kumbe ni chai tu."

Chai tu. Mama Pacha alitamani amzibe mdomo. Ingekuwa lile jambo jingine, angejua la kufanya. Angelia, angepiga kelele, angefunga mizigo, angefungua mizigo. Lakini kuzungumza? Mwanamume yule nyumbani hasemi. Husema chumvi iko wapi. Husema nimerudi, wakati anaonekana kwamba amerudi. Miaka yote amejiambia kwamba kaolewa na mtu asiye na maneno, ndivyo alivyoumbwa, akamsamehe. Kumbe maneno anayo. Anayabeba wiki nzima, anapita nayo kwenye pengo, anakwenda kuyamwaga kwa mwingine.

Na kicheko cha Nesi kilikuwa kinamfikia kwenye cherehani, Jumamosi baada ya Jumamosi. Anacheka kitu gani?

"Nawapa hadi Jumatatu," hakimu akasema. "Mkielewana, nitaandika makubaliano yenu. Msipoelewana, nitafuata jiwe, na ukuta wa chumba hiki utavunjwa. Nesi, haki ni yako. Fikiri unataka nini."

"Nilishafikiri, mheshimiwa," Nesi akasema. "Chumba kibaki. Na chai ibaki."

* * *

Ijumaa jioni ndani ya nyumba ile hata sufuria ziliogopa kugongana.

"Mnazungumza nini?" Mama Pacha akauliza.

Baba Pacha alikuwa anakula. "Mambo."

"Mambo gani?"

"Ya kawaida."

"Niambie moja. Moja tu la kawaida, na mimi nilisikie."

Akasukuma sahani mbele kidogo. "Mama Pacha, siku ile ulipopeleka kesi mahakamani, ungeniuliza kwanza."

"Nikikuuliza huwa unajibu?"

"Ungeniuliza."

"Basi nakuuliza sasa. Kesho utakwenda?"

Baba Pacha akatoka nje, na Mama Pacha akamsikia akihangaika na vifaa vyake uani, koleo na ndoo na timazi, mpaka usingizi ukampitia akiwa na nguo zake.

Alipoamka ilikuwa Jumamosi, jua limetoka, na kitanda upande wa pili kimepoa. Kwenye beseni la bafuni kulikuwa na povu la kunyolea.

Baada ya mahakama, baada ya mtaa mzima kujaa uani kwao, bado kanyoa ndevu na kwenda. Safari hii, akajiambia, leo atawakuta. Hakuvaa hata viatu vizuri. Akapita barazani, akaingia kwenye pengo upande upande, mwiba ukamkamata mkono wa gauni, akauvuta ukachanika. Fundi cherehani mzima, hakugeuka kutazama.

Mlango wa Nesi ulikuwa wazi kama alivyosema. Meza ndogo, kitambaa safi, birika inatoa mvuke, vikombe viwili. Nesi amekaa peke yake, viatu vyake vyeupe vimeanikwa dirishani.

Kiti cha pili kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi?" Mama Pacha akauliza.

"Nami namngoja," Nesi akasema. "Hajawahi kuchelewa."

Mama Pacha akasimama pale mlangoni, hasira zote mkononi na hana wa kumpa. Kurudi hawezi, kugomba na kiti hawezi. Akaangalia kile kikombe cha pili, kina ufa kidogo mdomoni, na mshikio umegeuzwa kulia kwa ajili ya mtu anayeujua. Akapiga moyo konde. Akaingia, akavuta kiti cha mume wake, akakaa.

"Chumba ni changu," akasema. "Kinachokaa kwenye ardhi yako ni cherehani yangu, siyo koleo lake. Kodi nitalipa mimi. Mimina."

Nesi akamimina.

Wakanywa. Ilikuwa chai ya kawaida kabisa, tena sukari imezidi, na jambo hilo lilimfariji Mama Pacha kidogo.

"Alikuwa anasema nini?" akauliza mwishowe, sauti imeshuka.

"Unataka kweli?"

"Nimeshafika."

"Wewe," Nesi akasema. "Alikuwa anakusema wewe. Ulivyombishia yule mteja wa gauni la harusi. Unavyoimba ukifikiri cherehani inakufunika sauti. Ulivyoweka chumvi mara mbili ukamwambia ni mapishi mapya, akala yote. Ndiyo maana nilikuwa nacheka." Akazungusha kijiko kwenye kikombe kisichokuwa na haja ya kukorogwa. "Unajua ilivyo, mwanamke kukaa na kusikiliza mwanamume akimsifu mke wake, Jumamosi hadi Jumamosi? Ulifikiri ni wewe uliyekuwa na wivu. Mimi nimekuonea wivu mpaka nikaumwa kichwa. Kuna siku nilitaka nimwambie vunja tu chumba, usije tena. Nikashindwa."

Macho yalimjaa Mama Pacha, akayaacha. Alifikiria futi kamba yake iliyokatwa kichwa, na jinsi alivyopima kila kilichoko kwa mwenzake asipime kilichoko kwake.

"Kwa nini mimi haniambii?"

"Nilimuuliza. Akasema akikutazama anaona aibu ya lile jiwe. Kwamba kila siku unamshukuru kwa chumba, na kila siku anakudanganya."

Nesi akaweka kikombe chini.

"Lakini Jumamosi iliyopita hakukusifu. Alikunywa nusu kikombe, akaniambia jambo moja. Akaniomba nisikwambie hadi kesi iishe." Akainua macho. "Niambie, jirani. Kesi imekwisha?"

"Imekwisha," Mama Pacha akasema. "Kwangu imekwisha."

"Alisema, mke wangu amepeleka kesi mahakamani bila kuniuliza, na huko ataijua aibu yangu mbele ya watu. Akisha kuijua, ashinde au ashindwe, mimi sitaweza kumtazama tena."

Mama Pacha akageuka kwa haraka kwenye kiti, akatazama nje kupitia mlango ulio wazi, kwenye michongoma, juu ya michongoma, pale kichwa cha ile ngazi ndefu huchungulia siku zote.

Ukuta ulikuwa mtupu. Ngazi haikuwepo.